Nilikuwa na Mume

Jumatatu asubuhi chumba cha kufungia vidonda hakikuwa na pa kuweka mguu. Walioumia tangu Ijumaa wakadhani watapona wenyewe, walioteleza Jumamosi, waliopigana Jumapili, wote walikuwa wamebanana kwenye benchi moja refu, kila mmoja amekumbatia kiungo chake kama mtoto mchanga. Muuguzi alikuwa mmoja tu, mwenzake ameomba ruhusa. Wagonjwa walimwita Sista, kama walivyowaita wauguzi wote, naye aliitika bila kuinua kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, gauni lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, viatu vyake vimefubaa kwa kusimama.

Siku zile alikuwa na jambo lake. Alitaka kusomea uuguzi wa chumba cha upasuaji, na kozi ile haikumpokea mtu asiyefaulu mtihani wa Kiingereza. Alikuwa ameufanya mara mbili, na mara zote mbili ulimwangusha palepale, kwenye kusimulia mambo yaliyopita. Kwa hiyo alikariri vitenzi akiwa kazini, kwa sauti ya chini, mikono ikifanya yake na mdomo ukifanya wake.

Aliyefuata alikuwa mwanamume aliyevaa shati la bluu ya mbingu, mikono yake imenyooshwa pasi hadi mkunjo ukasimama kama ukingo wa rula, na damu imetiririka kutoka kiganjani mpaka kwenye mkanda.

"Umeumia na nini?"

"Kioo cha dirisha."

"Ulikuwa unaiba?"

"Nilikuwa nafundisha."

"Unafundisha kupitia dirishani?" Sista akamkalisha, akakifungua kitambaa, akamwaga dawa kwenye jeraha. Yule mtu akauma meno. Sista akatia uzi kwenye sindano huku akinong'ona, "Go, went, gone. Sing, sang, sung. Bring, brang, brung."

"Brought," akasema mgonjwa, macho kafumba.

"Unasemaje?"

"Bring, brought, brought. Hakuna brang."

"Usijitingishe, sindano inaingia."

"Sijitingishi. Lakini hakuna brang."

"Sing inakuwa sang. Ring inakuwa rang. Bring imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Ndivyo ilivyo, Sista. Lugha za watu hazina huruma."

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka, hata mmoja aliyevunjika mguu. Sista akajizuia asicheke mpaka alipokata uzi. Alipomaliza kumfunga, yule mtu alimwelekeza ghorofa iliyo juu ya duka la mikate, karibu na kituo cha polisi, ambako kila jioni alikuwa akifundisha Kiingereza watu wazima. "Njoo," akasema. "Ada ya kwanza umeshalipa kwa huu mshono."

Akaenda. Chumba kilikuwa na madawati machache, ubao uliokwaruzwa, na dirisha moja lililozibwa kwa boksi pale kioo kilipovunjika. Harufu ya mikate ilipanda kutoka chini ikawafanya wanafunzi wote wawe na njaa tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Mwalimu alikuwa kapera aliyevuka arobaini; ujana wake wote aliumalizia kusomesha wadogo zake, na walipomaliza wakatawanyika, akabaki na mashati yake ya bluu na pasi. Alifundisha kama mtu anayesimulia umbea.

"Leo tuna maiti," akaanza siku moja. Akaandika ubaoni: The patient died when the doctor arrived. "Sista, hii ina maana gani?"

"Mgonjwa alikufa daktari alipofika."

"Daktari kaingia, mgonjwa kafa. Ukiandika hivi kwenye ripoti, daktari atakuja kukuuliza kama alimuua kwa sura yake." Akafuta, akaandika upya: The patient had died when the doctor arrived. "Na hii?"

Sista akafikiri. "Alikuwa amekwisha kufa."

"Umeona? Mambo mawili, yote yamepita, lakini moja limemtangulia mwenzake. Kile ki-had kidogo ndicho kinachomwokoa daktari."

"Mgonjwa je, kinamwokoa?" akauliza mwanafunzi mmoja wa nyuma, mpiga picha wa harusi, jirani yake Sista mtaani.

"Mgonjwa hana sarufi ya kumwokoa," Mwalimu akasema, na darasa zima likacheka.

Siku nyingine akawafundisha ule wakati uliowatesa zaidi, ule wa have na has. Akawaambia wasiuogope, wanao kwao nyumbani. Mtu akisema nilikaa mji ule miaka mitano, ameshahama. Akisema nimekaa mji huu miaka mitano, mizigo yake ipo, ukienda utamkuta. I lived, kumekwisha. I have lived, bado nipo. "Kitu chenyewe kimeanzia nyuma," akasema, akinyoosha mkono wenye kovu, "lakini mkia wake umefika hapa tulipo, na unaweza kuukanyaga."

Baada ya wiki chache simu zikaanza. Mwalimu alimpigia saa ya mapumziko ya mchana, akaweka sharti kwamba simu hizo ni za mazoezi, Kiingereza kitupu na mambo yaliyopita tu.

"What did you do this morning?"

"I washed a wound. I ate bread. I... nilikufikiria. Hiyo inasemwaje?"

"I thought about you."

"About nani?"

"About you."

"Haya, umejisemea mwenyewe, mimi simo."

"Wewe mwanamke utaniua."

"Nitakushona tena."

Mwalimu akawa anamwita Brang, na yeye akawa anamwita Ticha wangu, mwanzo kwa utani, kisha utani ukapotea bila mmoja wao kuona ulikopotelea. Jumamosi walitembea barabara ya maduka wakitazama vitu ambavyo hawakuvinunua. Siku moja alimshika mkono wakivuka barabara, na walipofika ng'ambo hakuuachia. Sista alikuwa amesahau kwamba mkono wa mtu mzima una joto kiasi kile.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia, na kila siku ilipopita bila kusemwa lilizidi kuwa gumu kusemwa.

Aliishi vyumba viwili na mama mkwe wake. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa. Miaka sita nyuma, lori lake lilikutwa limeegeshwa karibu na mpaka, mlango haukufungwa kwa ufunguo, viatu vyake vipo chini ya kiti, mzigo haujaguswa. Yeye hakuwepo. Hakupatikana hai, hakupatikana maiti, hakuna aliyepiga simu kudai chochote. Polisi walitafuta mpaka wakachoka. Majirani walipokuja kutoa pole, mama mkwe aliwafukuza na viti vyao. Mwanawe alikuwa wa pekee. Tangu hapo alimzungumzia kama mtu aliyetoka kidogo: mwanangu hapendi chumvi nyingi, mwanangu analala upande ule wa kitanda, mwanangu akirudi tutapaka rangi ukuta huu. Na Sista alijifunza kupika chakula cha chumvi kidogo, miaka sita, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo mezani.

Angemwambia nini Mwalimu? Alipojaribu kutafuta neno la kujiita, hakulipata. Hakuwa mjane. Hakuachwa. Kuwa mke alikuwa, lakini wa nani?

Mtihani ulipokaribia, Mwalimu akaandaa jaribio la kuzungumza. Yeye mwenyewe alikaa mbele kama mtahini, kavaa tai, na wanafunzi walisimama mmojammoja. Siku hiyo Sista alivaa gauni la manjano lenye maua madogo meupe, na nywele alizisuka upya. Mpiga Picha alimpigia mluzi mdogo alipopita.

"Tell me about your family," Mwalimu akamwambia, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Sista akafungua mdomo aseme I was married. Sentensi aliiandaa njia nzima. Alikusudia kuisema hapo mbele ya watu, aivue kama nguo iliyombana, kisha baada ya somo amweleze yote. Lakini asubuhi ile alimwacha Mama ameketi kitandani, anashona kifungo kilicholegea kwenye shati la mwanawe, shati ambalo halijavaliwa miaka sita, analifua na kulikunja kila mwezi. I was haikutoka.

"I have been married for nine years," akasema.

Darasa likapiga makofi kwa sababu sentensi ilikuwa imenyooka. Mwalimu hakupiga. Aliangalia karatasi yake muda mrefu.

"The sentence is correct," akasema. "Mwingine."

Sista alimkuta kwenye ngazi baada ya somo. Mikate ilikuwa inatolewa tanurini na moshi mwembamba ulipanda katikati yao.

"Miaka tisa," Mwalimu akasema. "Na bado?"

"Ngoja nikueleze."

"Nieleze neno moja tu. Have been, au was? Nimekufundisha kwa mkono wangu huu. Huwezi kuniambia hukujua tofauti."

"Tofauti naijua."

"Basi umeshanijibu." Akasogea apishwe. "Niliona huna pete nikajiambia, huyu hana mtu. Makosa ni yangu. Nilisoma kwa haraka."

"Mwalimu, sikiliza."

"Msalimie shemeji," akasema, akashuka.

Sista alimpigia siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Simu ililia ikajichokea. Alimtumia ujumbe mfupi wa kumwomba wakutane; haukujibiwa. Akaacha kwenda darasani, kwa sababu hakuna aibu inayozidi ya kukaa dawati la mbele mbele ya mtu asiyekutazama. Mtihani aliufanya akiwa kama gogo. Aliandika kilichoulizwa, akapanga vitu vilivyotangulia na vilivyofuata, akarudi kazini.

Safari hii alifaulu. Aliyaona matokeo kwenye simu akiwa kwenye ukumbi wa hospitali, ameshika beseni la pamba chafu, na alipotafuta wa kumwambia, mtu wa kwanza kumjia kichwani ndiye ambaye asingepokea. Akaenda kumwaga pamba.

Aliyevunja ukimya alikuwa Mpiga Picha. Alimwona Mwalimu amekonda, anafundisha kama anasoma tangazo la msiba, akamfuata baada ya somo. "Ticha, unamwonea wivu nani? Yule mtu hajaonekana miaka sita. Mimi ndiye niliyewapiga picha za harusi, na mimi ndiye niliyekata uso wake kutoka picha hiyohiyo, nikaukuza, ukabandikwa vituo vyote vya polisi mpaka mpakani. Mama yake anamngoja. Huyu binti amefungwa hapohapo na mama."

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alikaa kwenye benchi refu la chumba cha vidonda. Alisubiri zamu yake kama wengine. Ilipofika, Sista alimtazama mkono, kisha uso.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimeumiza."

Sista akageukia sinki akanawa mikono ambayo ilikuwa safi. "Hapa tunafunga vidonda. Hiyo nyingine hatuna dawa yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

"Kabla ya siku ile. Simu zote zile."

"Ningesemaje?" Aligeuka, na sauti yake ilikuwa ya chini kwa sababu ya watu wa kwenye benchi. "Nimefiwa? Sijafiwa. Nimeachwa? Sijaachwa. Nikisema was, nimemzika mtoto wa mtu. Nikisema have been, nimekupoteza wewe. Wewe si ndiye mwalimu? Nipe hiyo sentensi niiseme."

"Sina," akasema.

Hiyo ndiyo iliyomlainisha Sista. Kama angekuwa na jibu, pengine angemfukuza.

Walikutana mchana nyuma ya chumba cha kufulia, mashuka ya hospitali yanapepea kwenye kamba, na pale Mwalimu alimwambia anataka kumuoa. Hakupiga goti, kulikuwa na maji ya sabuni chini. Alimwambia ameshauliza mahakamani: mtu aliyepotea muda mrefu kiasi kile, mahakama inaweza kumtangaza kuwa amefariki, na mke wake akawa huru. Kinachotakiwa ni ndugu zake waje waseme hawajasikia habari zake.

"Ndugu yake ni mmoja," Sista akasema.

"Najua."

"Unaniomba nikamwambie mama aseme mwanawe amekufa."

"Aseme hajamsikia. Ni ukweli, mpenzi. Hatumwombi aseme zaidi."

Sista aliweka kichwa chake kwenye lile shati la bluu. Kwa muda mfupi, mashuka yakiwaficha, alijiona mtu kama watu wengine, mwenye jana na mwenye kesho. Ni siku hiyo tu alipoipata hali hiyo. Baadaye alijiuliza kama haingekuwa heri asiionje kabisa.

Alimwambia Mama jioni, jua halijatua, mama mkwe akiwa uani anachambua mchele kwenye sinia.

"Mama, nina jambo."

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana."

"Basi si jambo kubwa. Sema."

Akasema. Alisema yote, la Mwalimu na la mahakama, na vidole vya Mama viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele bila kuharakisha wala kusimama.

"Anafanya kazi gani huyo?"

"Anafundisha."

"Ana mama?"

"Alishafariki, zamani."

"Ndiyo maana," Mama akasema.

Akapepeta, makapi yakaruka. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Wewe bado kijana, damu yako inatembea. Miaka sita umenipikia, umenifulia, hujawahi kunijibu vibaya. Hata angekuwa wangu wa kumzaa asingenifanyia hayo. Wewe utapata mume mwingine, haki yako. Mimi nitazaa lini mwingine?"

Sista akapiga magoti akaishika ile sinia. "Mama, hatutakuacha. Utakaa na sisi."

"Ninyi na mimi. Na yeye akija atagonga mlango gani?"

Kuku wa jirani alipita akadonoa makapi. Mwishowe Mama akasema, "Nitakwenda huko mahakamani. Wakiniuliza nitajibu." Naye akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya kesi Mama alivaa gauni lake la kijani la sherehe, na mtandio alioununua mwanawe kwa mshahara wa kwanza. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni imeharibika, karani anajipepea kwa faili. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, tai shingoni. Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, na sauti yake haikuwa ya kutisha.

"Huyu aliyepotea ni nani wako?" akamuuliza Sista.

Sista aliutazama mtandio wa Mama, akapiga moyo konde. "Alikuwa mume wangu," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza neno lile kumtoka. Alidhani paa litaanguka. Karani aliandika, basi. Akaulizwa mengine, la lori, la polisi, akajibu yote.

Akaitwa Mama.

"Mama," hakimu akasema kwa upole, "mara ya mwisho kusikia habari za mwanao ilikuwa lini?"

"Juzi."

Karani akaacha kuandika.

"Juzi ipi, mama?"

"Juzi hii. Alipiga simu. Nikamuuliza, umekula? Akasema, nimekula, mama. Anasema kazi zimemshika, lakini anakuja."

Hakimu akavua miwani. Alimtazama Mama, kisha akamgeukia Sista. "Una habari ya simu hiyo?"

Mama hakuwa na simu. Hajawahi kuwa nayo. Nyumba nzima ilikuwa na simu moja, na simu hiyo ilikuwa kwenye mkoba wa Sista, na juzi siku nzima ilikuwa naye kazini. Angesema tu, mama hana simu. Maneno matatu, na kila kitu kingekwisha. Alimsikia Mwalimu nyuma akisogea mbele ya kiti chake, akimngoja.

Akamtazama Mama. Mikono ya yule mzee ilikuwa imeshika ukingo wa kizimba kwa nguvu, mishipa imesimama. Hakuwa anamwomba kitu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama mlangoni kwake, naye haondoki hata ubomoe nyumba. Sista akajua akisema yale maneno matatu, karani ataandika kwamba huyu mama ameapa uongo, au ataandika kwamba akili zimemruka, na vyovyote atakavyoandika, Mama atatoka mle ndani hana mtu mmoja duniani wa kumsadiki.

"Yeye ndiye mama yake," Sista akasema. "Kama anasema kapiga, mimi siwezi kusema hakupiga."

Ombi likatupwa. Haikuchukua muda.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Mwalimu aliilegeza tai yake kama inamnyonga. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la chini, mgongo kawapa.

"Ulijua si kweli," Mwalimu akasema.

"Nilijua."

"Neno moja tu lilibaki."

"Nimwite mwehu mbele ya watu? Mama aliyenifunika shuka lake nilipokuwa nalia?"

"Na mimi?" Sauti yake haikupanda. Ingekuwa heri ingepanda. "Mimi nimekaa pale nyuma nikisubiri useme kwa ajili yangu."

Mwalimu alifunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo, kisha akasema, "Sawa. Tutarudi tena. Hata mwakani. Hata akishakufa, Mungu anisamehe. Nitasubiri."

"Usisubiri."

"Ni hiari yangu."

"Nakwambia usisubiri. Kazi hiyo naijua mimi. Unaamka umesubiri, unalala umesubiri, na mchana watu wanakuona mzima. Kila mlango ukilia moyo unaruka. Kila simu. Hutupi nguo, huhami nyumba, hununui kitanda kipya. Sitakufanyia hivyo. Mtu ninayempenda sitamfanyia hivyo."

"Basi tuishi tu. Bila cheti. Watu wangapi wanaishi."

"Wapi, Ticha wangu? Nyumbani kwangu kuna mtu."

Akashuka ngazi, akamshika Mama mkono, wakaenda kutafuta usafiri.

Simu hazikukatika siku ile. Ziliendelea, zikipungua, kama mtu anayeondoka huku akigeuka nyuma. Walizungumza habari za kazi, za mvua, za dirisha ambalo hatimaye liliwekwa kioo. Hakuna aliyesema nakupenda, kwa kuwa lingesemwa wangelia, na wote wawili walikuwa wanapigiana wakiwa kazini. Mama naye baada ya kesi hakuwa yuleyule. Hakumshukuru Sista wala hakulitaja jambo lile, ila miguu ilianza kumvimba, akawa hawezi kwenda bafuni peke yake. Nafasi ya kozi ya upasuaji ilipotoka Sista aliomba aahirishiwe kwa sababu ya mgonjwa, wakamwambia waliofaulu ni wengi, wakampa mwingine.

Kisha Mwalimu akapata kazi chuoni, mji wa mbali, upande mwingine wa nchi. Alimwambia tarehe. Hakumwomba aje kumsindikiza. Sista alimwambia hongera, na alikuwa na maana hiyo, na ilimkata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Asubuhi alimtoa Mama uani, akamkalisha kwenye kigoda juani, akamwosha nywele. Zilikuwa zimebaki chache, laini, nyeupe tupu. Povu lilikuwa limejaa mikononi simu ilipolia juu ya ndoo. Alijifuta kwenye gauni, akapokea.

"Ndiyo linaondoka," Mwalimu akasema. Nyuma yake kulikuwa na honi za mabasi na watu wanaoitana. "Nimepata kiti cha dirishani."

"Vizuri. Usifungue sana, vumbi litakuharibia shati."

Akacheka kidogo. Injini ilinguruma, na Sista alisikia pumzi yake ndani ya ule mngurumo, karibu kama imo sikioni mwake.

"Niambie kitu," Mwalimu akasema.

"Nenda," Sista akasema. "Fika salama, nunua kitanda kikubwa, uoe. Nenda, mpenzi wangu."

Simu ikakatika yenyewe, au aliikata. Akairudisha juu ya ndoo. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, povu linamteremka shingoni, macho kayafumba.

"Ni yule mwalimu?"

"Ndiye, mama. Anasafiri."

Mama alijifuta povu shingoni. Kisha akasema, taratibu, na haikuwa sauti yake ya siku zote, "Umemwambia arudi lini?"

"Sijamwambia arudi."

"Mtu akiondoka huambiwa arudi, mwanangu."

"Huyu nimemwambia aende," Sista akasema, akachota maji, akamwekea kiganja kwenye paji la uso ili sabuni isimwingie machoni, akamwagia.